Vitabu Ishirini na Vitatu vya Maulidi Kitwana

Siku ya tatu ya msiba, hitma ilipokwisha na sahani za pilau zikianza kukusanywa, mwalimu mmoja wa sekondari aliomba nafasi ya kusema machache. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai. Wanawake walikuwa ndani, wamebanana mikekani, na Chiku, mke wa marehemu, alikuwa amekalishwa pembeni kabisa, kanga moja kichwani na nyingine mabegani, kama mgeni katika shughuli isiyomhusu. Mwalimu yule alikuwa na sauti ya kusikika mpaka stendi bila msaada wowote, lakini spika ilikwisha kukodiwa, basi akaitumia.

Akasema Kahama imepoteza kalamu. Akasema kuanzia Ushirombo mpaka Kharumwa, mtu akitaka kufuga kuku, akitaka kuposa, akitaka kushuka shimoni kutafuta dhahabu au akitaka tu kitu cha kumliza Jumapili mchana, hana budi kupitia kwa Maulidi Kitwana. Vitabu ishirini na vitatu, mtu mmoja! Kisha akafungua kimoja, riwaya iitwayo Viatu Mlangoni, akasoma: "Alipoondoka aliacha viatu vyake mlangoni, nasi tukaendelea kuviruka mwaka mzima, kana kwamba mwenyewe yumo ndani amelala."

Chumba kizima kikaangua kilio. Hata waliokuja kwa ajili ya pilau walilia. Shangazi wa marehemu alijipiga kifuani akisema, "Jamani Maulidi, uliyatoa wapi maneno haya?"

Chiku alikumbuka yalikotoka. Aliyaandika Jumanne moja asubuhi, kwa penseli, mkono mmoja ukiwa na unga, huku mafuta kwenye karai yakikataa kuchemka kwa sababu mkaa ulikuwa mbichi. Mwanzo aliandika "miezi sita", akafuta, akaandika "mwaka mzima". Akiwa pale mkekani alilirudia lile neno kichwani na kuona kuwa mwaka mzima ulikuwa sahihi. Zaidi ya hapo hakuhisi kitu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi tangu gari lilipoleta maiti kutoka Katoro, na watu walipouona ukavu wa macho yake waliusifu, wakasema huyu mama kajaliwa subira.

Ukweli ni kwamba mambo hayakuanza kwa nia mbaya, wala Maulidi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha kazi, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kusikia wakitajwa katika mji ule. Alianza na kijitabu cha hesabu, Hesabu Bila Kiboko. Maswali yake yalikuwa makavu mno, ya Juma ana machungwa kumi, mpaka mkewe alipomwambia aweke magunia ya mpunga na ng'ombe wa mnadani, vitu ambavyo mtoto wa Kahama anavijua. Kile kijitabu kikanunuliwa. Cha pili, Mpunga wa Majaruba, Chiku alikitamka chote, kwa kuwa alikulia majarubani na mumewe hakuwahi kushika jembe la kueleweka. Cha tatu akakiandika mwenyewe, na baada ya hapo hapakuwa na haja ya kujidanganya nani anafanya nini.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Chiku alikuwa anauza maandazi asubuhi. Unga ukiwa unaumuka, anaandika kwa penseli kwenye karatasi za kuokoteza. Mchana Shadya, binti yao wa pekee, akirudi shule anayasoma yale ya penseli kwa sauti, na baba yake anayanakili kwa kalamu ya wino kwenye madaftari, maana mchapaji wa dukani kwa Salmini alikuwa hawezi kusoma mwandiko wa mtu mwingine yeyote. Salmini ni mdogo wake Maulidi, mwenye duka la vifaa vya ofisi na mashine ya kuchapa karibu na stendi. Na zile karatasi za penseli zikishanakiliwa? Zinafungiwa maandazi. Karatasi ni karatasi. Miaka kumi na miwili Chiku alifungia abiria wa mabasi ya Kahama vitafunio kwa mwandiko wake mwenyewe, wakajifutia mafuta na kutupa dirishani, na hakuwahi kuona kuwa ni kosa.

Jina lilikuwa la mume kwa sababu la kwanza lilikuwa la mume. Kilipofika kitabu cha tisa, Kabla Hujashuka Shimoni, sababu ikapata nguvu zaidi. Wachimbaji wadogo wengi kule Geita wanaamini mwanamke akilikaribia duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao, dhahabu inakimbia. Nani angenunua kitabu cha duara chenye jina la Chiku juu yake? Angekishika kwa ncha ya vidole akakirudisha mezani. Basi mambo ya kamba, magogo ya kuzuia udongo na hewa mbaya chini ya ardhi aliyakusanya kwa wachimbaji waliokuja kula maandazi, na wengine wakaja baadaye kumshukuru Maulidi kwa kuwaokoa. Maulidi alikuwa anarudi nyumbani na shukrani hizo na kumpa mkewe zote, neno kwa neno, kama mtu anayerudisha chenji.

Wala Chiku hakuumia. Ukimuuliza atakuambia hivyo na itakuwa kweli. Aliumia kwa kitabu kimoja tu, cha ishirini na nne.

Hicho hakikuwa na jina bado. Kilikuwa kinamhusu mwanamke aitwaye Tabu, mpishi wa kambi ya wachimbaji, ambaye anaruhusiwa kuwalisha wanaume mia lakini haruhusiwi kuivuka kamba iliyofungwa kulizunguka duara. Siku moja duara linaporomoka na mumewe yumo ndani. Wanaume wanafukua. Tabu anasimamishwa nyuma ya kamba, anaambiwa akivuka yeye, ardhi itafunga kabisa. Madaftari matatu yalikwisha kunakiliwa, na habari ilikuwa imefika hapo: mwanamke, kamba, na sauti inayotoka chini. Sura ya mwisho ilikuwa bado kichwani mwa Chiku. Kila alipoishika penseli mkono ulikuwa mzito, kwa kuwa hiyo haikuwa hadithi ya kubuni. Ilimpata mama yake, na mama yake alimsimulia yeye peke yake.

Maulidi hakuambiwa ni ya nani, lakini alipokuwa ananakili daftari la tatu aliweka kalamu chini. "Mama Shadya," alisema, "hiki kitoke kwa jina lako. Nikirudi kutoka Katoro nitamwambia Salmini mwenyewe." Akaenda Katoro na maboksi yake mawili ya vitabu, siku ya gulio, akaanguka mbele ya meza yake jua la saa saba. Walisema ni presha.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Mjane anakaa ndani, hajipambi, hajipaki manukato, hatoki bila dharura, na wanaume wasio wa ndani ya nyumba wanaongea naye kwa pazia. Wengine eda inawachosha. Chiku alikaa kama kabati lilivyokaa. Dorika, jirani yake wa Kisukuma muuza mchele, Mkatoliki asiyekosa jumuiya, alikuwa anapita kila asubuhi na ndoo ya maji. "Mwangaluka, mayu," anasalimia, kisha anatafuta la kusema na kulikosa, anafagia uwanja ambao umekwisha kufagiwa.

Kilichompa kazi ni simu. Nyuma ya kila kitabu paliandikwa "Mwandishi anapatikana", na namba ya Maulidi, na si wote waliosikia kuwa mwandishi hapatikani tena. Mtu wa Kharumwa alipiga, kuku wake wanapinda shingo.

"Ni mdondo huo," Chiku alimwambia. "Walioanza watenge. Wazima uwawahishie chanjo leo, usingoje kesho."

"Kumbe marehemu alikufundisha na wewe! Mungu amrehemu."

"Amina."

Alipiga kijana wa Bukombe aliyetaka barua ya posa kwa binti ambaye baba yake ni katekista. Alipiga mama mwenye mke mwenza. Alipiga mtu aliyetaka kujua, katika Safari za Wapagazi, ni kweli watu walibeba pembe kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, au marehemu alitia chumvi. Chiku akawajibu wote kwa sauti moja, ile ya kusoma maelekezo ya dawa, na wote wakamshukuru Maulidi.

Mwezi wa pili Salmini alikuja na Shehe Ibrahimu na wazee wawili wa ukoo kwa ajili ya mirathi. Walikaa sebuleni. Chiku alikaa chumbani nyuma ya pazia la mlango, kwenye kigoda, akiona miguu yao tu chini ya pindo. Shehe Ibrahimu alikuwa mtu wa haki, mwenye kwenda taratibu, na aliuanza ugawaji kama unavyoanzwa siku zote.

"Kabla hatujagusa kitu, tutenge kwanza visivyo vya marehemu. Asije akadaiwa kwa kitu cha mtu. Mama Shadya, humu ndani kipi ni chako? Taja vyote. Usione haya."

Hii ndiyo saa aliyoingoja bila kujua kuwa anaingoja. Vikishatengwa, kinachobaki ni cha marehemu, na cha marehemu kina wenyewe: nusu ya binti, thumuni ya mke, na iliyobaki ya ndugu. Habari ya mama yake ingekatwa vipande humo humo, pamoja na baiskeli.

"Cherehani ni yangu," alisema.

"Sawa," akajibu Salmini.

"Kabati la vyombo. Karai mbili. Kitanda nilipewa na mama."

"Sawa, shemeji. Hayo yanajulikana."

"Na madaftari matatu yaliyomo kwenye sanduku la bati."

Miguu ikatulia. Salmini alikuwa ameyaona yale madaftari, alikwisha yasoma, na alikuwa akisema mjini kuwa kaka yake kaacha kitabu kikubwa kuliko vyote.

"Madaftari yale ni ya kaka," alisema kwa upole. "Mwandiko ni wake, shemeji. Mimi naujua mwandiko ule kuliko wangu."

"Mwandiko ni wake. Maneno ni yangu."

Mzee mmoja akakohoa. Shehe akauliza, "Unasema hicho kimoja, au na vingine?"

Chiku alifikiri kidogo. Angeweza kusema vingine ishirini na kimoja, akavitaja kwa majina. Aliona uchovu tu. "Vilivyokwisha chapwa mvigawe," alisema. "Nataka hicho kimoja."

Salmini hakuwa mwizi, na msije mkamfanya mwizi. Alimzika kaka yake kwa mikono yake, na macho yake yalikuwa bado mekundu. Alichokiamini ni kile ambacho mji mzima ulikiamini. "Shemeji, msiba umekuchosha," alisema. "Kuishi na mwandishi miaka yote hiyo, mtu anaweza kuona yake na ya mwenzake yamechanganyika. Hakuna atakayekulaumu."

"Ngoja," alisema Shehe. "Mwenye kudai tunampa nafasi yake. Mama Shadya, una karatasi yoyote yenye mkono wako?"

"Nilifungia maandazi."

Mzee wa pili alicheka, akajifanya anakohoa kama mwenzake. Dorika, aliyekuwa uani akiosha mchele wa wageni, akapaza sauti bila kuitwa: "Mimi nilikuwa namuona akiandika! Kila siku ya Mungu anaandika!"

"Alikuwa anaandika nini, mama?"

"Mimi sijui kusoma, shehe. Nilidhani ni hesabu ya sukari."

Ilimjia Chiku kwamba angeweza kuwasimulia sura ya mwisho pale pale, wamsikie. Lakini hakuwa tayari kumtoa mama yake mbele ya wanaume wanne kama kithibitisho, wamkague na kumrudisha. Tena ingesaidia nini? Wangesema aliisikia kwa mumewe.

"Shahidi wangu ni mwanangu," alisema.

Shadya aliitwa kutoka uani. Alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, na shuleni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mtoto wa Mwandishi, na baba yake alikwisha kwenda pale mara mbili kuzungumza na wanafunzi. Alisimama katikati ya sebule mikono ikitiririka maji. Chiku aliiona miguu yake chini ya pazia, kandambili moja ikiwa imekatika mkanda.

"Mwanangu," Shehe alisema, "sema unachokijua tu, usiogope mtu. Vitabu alikuwa anaandika nani?"

Mtoto huyu alikuwa amesoma kwa sauti kila ukurasa wa penseli tangu akiwa darasa la tatu. Alikwisha kumrekebishia mama yake majina, alikwisha kulia katikati ya kusoma mpaka kunakili kukasimama. Chiku hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa amekwisha anza kufikiri daftari lile atalimalizia wapi, chumbani au uani.

"Alikuwa anaandika baba," Shadya alisema. "Mama alikuwa anachoma maandazi."

Na jamani, hakuna neno la uongo humo.

Shehe alimshukuru akamruhusu. Akamgeukia Salmini, akampa msahafu. Salmini akaweka mkono, akaapa kwamba kwa anavyojua yeye, madaftari yale ni kazi ya kaka yake Maulidi Kitwana. Sauti yake ilikatika kwenye lile jina. Aliapa kwa moyo safi kabisa.

"Basi," alisema Shehe, naye alionekana kuwa na huzuni. "Mama Shadya, kuna kingine?"

Chiku aliangaza macho chumbani.

"Beseni la plastiki la kijani," Chiku alisema. "Nalo ni langu."

"Sawa," akasema Salmini.

Mama na mtoto hawakulizungumzia. Siku zilikwenda. Shadya aliamka, akapika uji, akaenda shule, akarudi, akapika ugali. Chiku alikula alichowekewa. Hakumkasirikia binti yake, na hilo lilimshangaza kidogo, kama mtu anayejigonga kidole na kusubiri maumivu ambayo hayaji. Dorika ndiye aliyekasirika kwa niaba ya wote, akawa anamtazama Shadya kwa jicho la pembeni na kumletea maji ndoo nusu.

Baada ya wiki tatu Salmini alirudi peke yake, alasiri, na madaftari matatu kwapani. Alibisha hodi kwa adabu, akakaa upande wake wa pazia.

"Shemeji, nimekuja unisaidie. Kitabu hakina mwisho. Nimesoma mara tatu. Mwanamke kasimama kwenye kamba, mumewe anaita kutoka chini, na karatasi zimekwisha. Kaka hakukusimulia? Alivuka au hakuvuka?"

Chiku alikuwa anakunja kanga. Aliimaliza kuikunja.

"Mwenye kitabu amekufa," alisema.

"Najua, lakini labda mkiwa mnaongea..."

"Mwenye kitabu amekufa, shemeji. Mimi nilikuwa nachoma maandazi."

Salmini hakusikia kilichokuwamo, au alisikia akakiacha kipite. Alivuta pumzi. "Basi itabidi tumpe mtu amalizie. Yule mwalimu aliyezungumza msibani amekubali kunifanyia. Amefikiria vizuri. Anasema mwanamke afie pale pale kwenye kamba, uchungu umzidi, aanguke asivuke. Watu watalia sana."

"Haya," alisema Chiku.

Salmini akaaga. Shadya alikuwa jikoni, na jiko la nyumba ile limetenganishwa na sebule kwa ukuta usiofika juu, kwa hiyo alisikia yote. Akaja kusimama mlangoni pa chumba cha mama yake na mwiko mkononi.

"Mama. Ni kweli Tabu anafia kwenye kamba?"

Chiku alimtazama mtoto wake. Alimwona shingo ilivyokonda, na ule mwiko unaodondosha uji sakafuni, na kinywa kilichofanana na cha Maulidi. Akasema, bila haraka:

"Mimi sijui. Muulize baba yako."

Aliyasema na kuyasikia. Yalimrudia kabla hayajamfikia Shadya, na kitu kilichokuwa kimelala tangu Katoro kikageuka kifuani, kikauma. Alimwona mtoto akirudi nyuma hatua moja kama aliyepigwa kibao. Alitaka kuyarudisha maneno, lakini yalikwisha kutoka.

Shadya hakulia. Aliweka mwiko juu ya kabati la vyombo, taratibu.

"Baba hajui," alisema. "Ile Jumapili kabla hajaenda Katoro aliniuliza mimi kama umeniambia. Alikuwa hajui hata Viatu Mlangoni itaishaje. Alikuwa hajui chochote mama, mpaka nimsomee."

"Unajua hivyo?"

"Najua."

"Mbona hukusema mbele ya shehe?"

Shadya alikaa chini, pale pale kizingitini, akakumbatia magoti. "Wewe ungebaki na kitabu," alisema. "Yeye angebaki na nini?"

Ndipo Chiku alipolia. Alilia kwa sauti mbaya, isiyo na subira yoyote, ile sauti ambayo watu waliisubiri siku ya kwanza. Alimlilia Maulidi mwenyewe, yule aliyekuwa akirudi na shukrani za watu na kuzitoa zote mezani bila kujiwekea hata moja, aliyesimama mbele ya wanafunzi akiwa na hofu ya kuulizwa, aliyeanguka mbele ya vitabu ambavyo hakimo hata kimoja alichokijua mwisho wake. Kweli angebaki na nini? Mwandiko. Dorika alikuja mbio kutoka kwake akidhani kuna msiba mwingine, akawakuta wawili sakafuni, akarudi kinyumenyume bila kusalimia.

Machozi yalipopungua, Shadya alikuwa bado ameishika mikono ya mama yake, na habari ya ule mwisho wa mwalimu, aliyoisikia kupitia ukutani, ilikuwa bado imekaa kati yao.

"Nitakwenda kwa baba mdogo," Shadya alisema. "Nitamwambia baba aliniachia mimi mwisho. Ataniamini."

"Utasema uongo."

"Ndiyo. Lakini kitatoka kama kilivyo. Jina litakuwa la baba, mama. Siwezi kulibadilisha."

Chiku alitazama pazia. Kama angenyamaza, kitabu kile kisingekuwa chake, lakini na mwisho wake wa kweli usingekuwa wa mtu mwingine yeyote. Angebaki nao kama alivyoachiwa. Na dukani kwa Salmini, mezani Katoro, mnadani Kharumwa, mama yake angekuwa anaanguka mbele ya kamba, kwa kila atakayekifungua, miaka yote, na watu wangekuwa wanalia sana.

"Leta kalamu," alisema.

Shadya akaleta daftari lake la shule, akalifungua katikati, akalilaza gotini. Uji ulikuwa unaungua jikoni, hakuna aliyeinuka.

"Andika. Hakufia kwenye kamba. Walimpiga kwa koleo begani, akavuka. Alilala kifudifudi mdomoni mwa duara akamwita mumewe kwa jina, na yule akamjibu mara mbili kabla udongo haujashuka tena. Hakumtoa. Lakini alijibiwa, na hakuna mwingine aliyejibiwa siku ile."

Shadya aliandika haraka, herufi zake zikilalia upande mmoja kama za baba yake.

"Andika tena. Tangu hapo hakumpikia mchimbaji. Alitembea kwa miguu mpaka Kahama, mimba ya miezi minne tumboni, akalima mpunga."

Kalamu ilisimama. Shadya aliinua uso.

"Endelea," Chiku alisema. "Na kuanzia pale anapovuka, usimwite Tabu. Muite Nyamizi."

"Nyamizi ndiye nani?"

"Bibi yako."